Kuhalalisha, kulangua, kudhibiti: Vitenzi vitatu vinavyotupoteza katika sheria ya bangi

ASUBUHI moja, jirani yangu hapa Likoni alinisimamisha mlangoni pake. Ni mama mtu mzima, na mjukuu wake alikuwa amekamatwa siku chache kabla akiwa na misokoto ya bangi mfukoni. Nilidhani ataniuliza habari ya dhamana au ya wakili. Sivyo. Aliniuliza swali la lugha.

“Mwalimu, hebu nambia. Hawa vijana wa maskani wasema bangi imehalalishwa, ati siku hizi ni faini tu. Sasa ikiwa ni halali, mbona mwanangu wamemshika?”

“La, bi mkubwa,” nikamjibu. “Haijahalalishwa. Kilichopunguzwa ni adhabu.”

“Kwani si mamoja?”

Si mamoja. Lakini nilipoondoka pale nilijiuliza: huyu mama angetofautishaje mambo hayo ikiwa sisi tunaojiita wasomi wa lugha, na waandishi, na wanasiasa, tumempa kitenzi kimoja tu cha kuyaelezea yote? Katika makala ya leo sina nia ya kusema kama bangi iruhusiwe au la. Hilo lina wenyewe, na kila msomaji ana msimamo wake. Nataka kuonyesha kwamba mjadala huu unapofanywa kwa Kiswahili, vitenzi vitatu tunavyovitegemea, yaani kuhalalisha, kulangua na kudhibiti, havibebi kile ambacho sheria yenyewe inasema. Tena kasoro hiyo si ya darasani. Inaweza kumpeleka kijana Shimo la Tewa.

Tuanze na kuhalalisha. Neno halali, kama mwenzake haramu, lilitufikia kutoka Kiarabu likiwa limebebwa na dini. Pwani hii, mtu akisikia halali, husikia kwanza kile ambacho Mungu amekiruhusu. Ndiposa mkutano wowote Kisauni au Changamwe ukianza kwa swali “Je, bangi ihalalishwe?”, imamu husimama, mchungaji akamfuata, na jibu likawa la imani kabla sheria haijasomwa hata mstari mmoja. Siwalaumu. Wameulizwa swali la dini, wamejibu kwa dini.

Ajabu ni kwamba dini yenyewe haina ngazi mbili tu. Mtoto aliyepita madrasa anajua kuna faradhi, suna, mubaha, makuruhi na haramu. Ngazi tano! Kuna linalolazimu, linalopendekezwa, lisilo na ubaya wala thawabu, lisilopendeza na lililokatazwa kabisa. Tulipoyachukua maneno hayo kuzungumzia sheria za dola, tukaziacha ngazi tatu za kati njiani, tukabaki na mbili za pembeni.

Sheria za dola nazo zina ngazi zake. Kitendo kinaweza kuwa kosa la jinai lenye kifungo kirefu. Kinaweza kubaki jinai, ila adhabu ikapunguzwa. Kinaweza kuondolewa katika jinai, mtu asifungwe wala asiandikwe mhalifu, lakini biashara yake ibaki kukatazwa. Kinaweza kuruhusiwa kwa leseni, kodi na masharti ya umri. Kinaweza pia kuachwa huru kama kunywa chai. Hayo ni mambo matano, nasi tunayaita yote kuhalalisha au kutohalalisha.

Tazama yaliyotokea mwaka 2018, kati ya Septemba na Oktoba. Nchini Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua kuwa mtu mzima anayetumia au kukuza bangi kwa matumizi yake mwenyewe faraghani asihesabiwe mhalifu. Kuuza kukabaki kosa. Hapa kwetu, aliyekuwa mbunge wa Kibra, marehemu Ken Okoth, alimwandikia Spika akiomba usaidizi wa kuandaa mswada wa udhibiti wa bangi. Alitaka mtumiaji asichukuliwe kuwa mhalifu, wakulima wasajiliwe na rekodi za waliokwisha kuhukumiwa zifutwe. Aliaga dunia Julai 2019 na mswada ule haukuwahi kuwa sheria. Kisha Oktoba hiyo ya 2018, Kanada ikafungua soko la bangi la watu wazima nchi nzima, kwa leseni na masharti. Mambo hayo matatu hayafanani. Hata hivyo, nilisikia yote yakitangazwa kwa kitenzi kilekile: Afrika Kusini imehalalisha, Okoth ataka kuhalalisha, Kanada yahalalisha.

Ongeza hapo kesi iliyowasilishwa katika Mahakama Kuu mwaka 2021 na jumuiya ya Marasta wa Kenya. Waliomba waumini wao waruhusiwe kuitumia bangi nyumbani na mahali pao pa ibada. Hilo nalo ni ombi la namna nyingine, maana ni ruhusa ya kipekee kwa kundi moja kwa misingi ya dini, huku katazo likibaki kwa wengine. Tukaliita kuhalalisha. Mwaka 2022, mgombea urais George Wajackoyah alipozunguka nchi akisema bangi italipa madeni ya taifa, alimaanisha kilimo na biashara ya nje. Nako kukaitwa kuhalalisha. Msikilizaji wa redio kule Mtongwe aliyeyasikia yote hayo angekosaje kuamini kwamba, baada ya kusemwa mara nyingi hivyo, jambo lenyewe limeshafanyika?

Kumbe kilichofanyika ni hiki. Sheria yetu kuu kuhusu dawa za kulevya ni ya mwaka 1994. Kwa mujibu wa sheria hiyo, aliyepatikana na bangi na akairidhisha mahakama kwamba ilikuwa ya matumizi yake mwenyewe tu, alikabiliwa na kifungo cha miaka 10. Marekebisho ya mwaka 2022 yalishusha adhabu hiyo hadi kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000. Basi. Kosa limebaki kosa, na atakayepatikana na hatia ataandikwa mhalifu. Kijana wa maskani aliyesikia “ni faini tu” alisikia kweli, lakini nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo yenye pingu.

Ninapendekeza basi tuwe na maneno manne, na tuyashike. Kupunguza adhabu ni pale kosa linapobaki ila adhabu ikawa nyepesi. Kuondoa jinai ni pale mtumiaji asipofungwa wala kuandikwa mhalifu, lakini biashara ikabaki imekatazwa. Kuruhusu kwa leseni ni pale dola inapofungua soko na kulisimamia. Kuruhusu kwa upekee ni pale kundi fulani, au wagonjwa fulani, wanaposamehewa katazo. Halali na haramu tuviachie wenye elimu yake. Wao watatuambia kama kitu ni dhambi. Swali la kama serikali imfunge mtu kwa sababu yake ni jingine. Mtu anaweza kuiona bangi kuwa haramu na papo hapo asitake mjukuu wa jirani afungwe kwa msokoto mmoja. Lugha yetu ya sasa haimpi mtu huyo pa kusimama.

Kitenzi cha pili ni kulangua, na hiki ndicho kinachonitia hofu zaidi. Kulangua, tulivyofunzwa, ni kununua vitu kwa wingi na kuviuza kwa bei ya kuumiza. Mlanguzi ni yule aliyeficha magunia ya sukari akingoja bei ipande. Vyombo vya habari vikalichukua neno hilo na kulivisha kosa la kusafirisha na kuuza dawa za kulevya. Kwa hiyo mtu akisikia mlanguzi, anaona tajiri mwenye gari lenye vioo vyeusi.

Sheria ya 1994 haimwoni tajiri peke yake. Orodha ya vitendo inavyovihesabu kuwa ulanguzi ni ndefu: kuingiza nchini, kutoa nchini, kutengeneza, kununua, kuuza, kutoa, kuhifadhi, kusafirisha, kufikisha na kugawa. Tazama maneno kutoa, kuhifadhi na kusafirisha. Hakuna mahali inaposemwa kwamba lazima pawe na faida, wala kwamba mzigo uwe mkubwa. Na tofauti ya adhabu ni kubwa mno. Kwa ulanguzi, sheria hiyo ya 1994 iliweka hata kifungo cha maisha.

Sasa mrudie yule mjukuu. Nyanya yake alinieleza alichowaambia maafisa siku ile, akiwa na hofu na kutaka kujisafisha: “Mimi si mlanguzi. Nilikuwa nampelekea mwenzangu.” Kwa Kiswahili cha mtaani, huko ni kujitetea. Anasema yeye si tajiri, si mfanyabiashara, ni mtoto wa watu aliyemfanyia rafiki hisani. Kwa sheria, amekiri. Kumpelekea mwenzake ni kusafirisha na kufikisha. Laiti angesema ukweli mwingine, kwamba alikuwa na yake mwenyewe ya kuvuta, au laiti angenyamaza mpaka apate wa kumshauri, mambo yangeanza mahali pengine.

Haki ya kunyamaza anayo. Ibara ya 49 ya Katiba inataka aliyekamatwa aambiwe upesi, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake, haki yake ya kunyamaza na matokeo ya kutonyamaza. Ibara ya 50 inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo akiwa haielewi lugha ya kesi. Nayo Mahakama ya Rufaa imewahi kusisitiza kwamba hati ya mashtaka ya ulanguzi lazima itaje ni kitendo kipi hasa, katika orodha ile ndefu, mshtakiwa anadaiwa kukifanya. Hayo ni mema. Lakini lugha anayoielewa ni ipi? Kumsomea kijana kwa Kiswahili kwamba anashtakiwa kwa ulanguzi ni kumwambia neno analolijua kwa maana asiyoijua. Pengine hilo ni baya kuliko kumwambia neno geni kabisa, maana neno geni angeuliza maana yake. Hili linalofanana na la nyumbani haliulizi.

Karani wa mahakama anayefasiri hana makosa hapa. Anatumia neno tulilompa. Ni sisi tuliopaswa kusema kwamba katika mashtaka haya litumike neno pana zaidi, kama usambazaji, na kwamba lifuatwe papo hapo na kitendo chenyewe: unashtakiwa kwa kusambaza bangi, yaani kwa kumpelekea mtu. Hapo kijana angejua mlango uko wapi na shimo liko wapi.

Kitenzi cha tatu ni kudhibiti. Hiki kilipanda jukwaani Mei 2024, wakati Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Shariff Nassir, alipotoa agizo la kupiga marufuku kuingizwa, kusafirishwa, kuuzwa na kutumiwa kwa muguka katika kaunti. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Anayeishi bara ya Mombasa hakuhitaji kuelezwa chanzo. Malori yaliingia kwa barabara ya Nairobi kupitia Changamwe, vibanda vikajaa kando ya njia hadi karibu na shule, na bei ilikuwa ya mfuko wa mtoto. Kina mama walishangilia agizo lile na wengine waliingia barabarani kuliunga mkono. Upande wa Embu, wakulima walilia njaa.

Rais William Ruto alikutana na viongozi wa Embu na kusema maagizo hayo hayana nguvu, kwa kuwa miraa, na muguka ndani yake, ni zao linalotambuliwa na Sheria ya Mazao ya mwaka 2013 na kanuni za miraa za mwaka 2023. Mahakama Kuu ya Embu nayo ikasitisha maagizo hayo kwa muda. Wengi wetu tuliyachukulia kama mvutano wa siasa kati ya pwani na mlima. Ulikuwa pia mvutano wa maneno.

Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti jukumu la kudhibiti dawa za kulevya. Swali la kwanza: kudhibiti ni nini? Unapodhibiti gari, hulivunji, unalishika usukani. Unapodhibiti maji ya mfereji, hufungi mto. Lakini sheria ile ya 1994, ambayo jina lake lenyewe ni ya udhibiti, kwa bangi imejaa makatazo na vifungo. Neno moja likatumika kwa usukani na kwa ukuta. Aliyeona katika kudhibiti mamlaka ya kupiga marufuku alikuwa na mfano wa kuonyesha, na aliyeona mamlaka ya kutoa leseni, kupanga saa na kulinda watoto tu alikuwa na wake.

Swali la pili: dawa ya kulevya ni nini? Kitenzi kulevya kinatokana na kulewa, na kulewa kwa Mswahili ni kuyumba. Mla muguka atakuapia kwamba yeye halewi, yeye anakesha. Nalo neno mihadarati, tulilolitoa katika Kiarabu, shina lake lina maana ya ganzi. Miraa na muguka hazitii ganzi. Ni majani ya mmea mmoja, nazo huchangamsha, kwa sababu ya kemikali iitwayo kathinoni iliyomo katika majani mabichi. Kwa hiyo maneno yetu yote mawili, kulevya na mihadarati, yanamwachia mtetezi wa muguka mwanya wa kusema: hii haimo. Daktari anayemtibu kijana asiyelala siku tatu anajua imo, ila hana neno. Tungesema vitu vinavyoathiri akili, mwanya ungefungika na mjadala ungehamia panapostahili: vinaathiri kiasi gani, nani, na afanyiwe nini?

Na hili la jina si dogo. Panda gari hapa Likoni uelekee kusini, upite Ukunda, ufike Lunga Lunga. Upande huu wa mpaka, kitita cha miraa ni zao, kina kanuni na kinatozwa ushuru. Vuka hatua chache uingie Tanzania, na kitita kilekile kinaitwa mirungi, kimewekwa na sheria katika kundi moja na bangi, na aliyekibeba ni mhalifu. Mmea haukubadilika njiani. Kilichobadilika ni jina ambalo bunge limeupa.

Ikiwa bunge ndilo linalotoa majina, basi sisi raia tunaingilia wapi? Katiba imetuwekea milango. Ibara ya 118 inalitaka Bunge lishirikishe umma katika kutunga sheria, na ya 196 inayataka mabunge ya kaunti yafanye vivyo hivyo. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuliandikia Bunge ombi la kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Na ya 120 inasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kwa karatasi, mama jirani yangu ana nafasi sawa na wakili wa Nairobi.

Kwa vitendo, niliwahi kuketi katika mkutano wa kukusanya maoni, hapa hapa bara, ambapo mswada uliogawiwa ulikuwa wa Kiingereza kuanzia jalada hadi jedwali, na mwendeshaji akaufupisha kwa Kiswahili cha dakika kumi. Watu wakatoa maoni kwa saa mbili juu ya ule muhtasari. Yaani walijadili maneno ya mwendeshaji, si ya mswada. Wenzetu wa Tanzania walibadilisha sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama zao. Najua kazi ya kutafsiri vitabu vyote vya sheria ni kubwa na haijaisha hata kwao. Lakini sisi hatuhitaji kungoja vitabu vyote. Tunaweza kuanza na mswada mmoja kila unapoletwa kwa wananchi.

Hatua zenyewe ni tatu. Kwanza, mswada wowote unaogusa jinai usomwe kwa umma ukiwa na toleo kamili la Kiswahili, si muhtasari. Pili, toleo hilo liwe na ukurasa wa maneno: kila neno zito, maana yake katika sheria hiyo, na mfano mmoja wa kitendo. Usambazaji ni pamoja na kumpelekea rafiki, na iandikwe hivyo hivyo. Tatu, vyuo vyetu, mahakama na wanahabari wakubaliane juu ya maneno hayo, ili redio isiseme limehalalishwa pale hakimu anaposema limepunguzwa adhabu.

Neno mswada lenyewe lilitoka katika Kiarabu, na shina lake ni lile la weusi: karatasi iliyotiwa wino mweusi kwa rasimu, kabla ya kunakiliwa safi. Maana yake ni maandishi yanayongoja kusahihishwa. Hauwezi kusahihisha usichokisoma.

Jioni ya siku ile nilirudi kwa bi mkubwa na kumweleza polepole. Nikamwambia kosa bado ni kosa, na kwamba kuwa na yako ya kutumia ni jambo moja, kumpelekea mtu ni jambo jingine lililo zito zaidi. Nikamsihi amtafutie kijana wakili kabla hajasema neno jingine. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Na haya yote yameandikwa mahali?”

“Yameandikwa, bi mkubwa.”

“Kwa lugha gani?”

Nilimjibu. Akatikisa kichwa, akaingia ndani kuchukua buibui lake, maana siku ya kutajwa kwa kesi ilikuwa kesho yake na alitaka kwenda kumtafuta wakili kabla giza halijaingia.